Shikamoo Zinaishia Mlangoni

Mke mwenzangu mpendwa,

Usishtuke. Ulikuwa ukisema barua inayokuja bila kutegemewa ni ya polisi au ya mchumba. Hii si ya polisi, na mchumba bado hajapatikana, kwa hiyo usianze.

Nimeiacha barua hii wazi na wengine wataisoma, acha niwaeleze kidogo wasije wakashangaa. Huyu ninayemwita mke mwenzangu ni bibi yangu mzaa baba, wa Ipililo, ambaye tulimzika misimu kadhaa ya pamba iliyopita. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Mimi na bibi tulikuwa wake wenza tangu siku niliyozaliwa, na tuligombana kama wake wenza wanavyopaswa kugombana. Asubuhi aliniamsha kwa kuniuliza mume wetu atakula nini, au atakula sura yangu? Nami nilimjibu kwamba mume hamtaki tena, meno yamebaki mawili. Babu alikaa pembeni akinywa uji, ameridhika kabisa kugombaniwa.

Sasa turudi kwetu wawili. Unakumbuka mvua za kule nyumbani? Mawingu yakijikusanya upande wa Sola tu, unafunika kioo cha babu cha kunyolea kwa kanga, unamvua nguo yeyote aliyevaa nyekundu, halafu unatukalisha kwenye vigoda katikati ya chumba. Mimi nilikuwa darasa la sita na nilijua kila kitu.

“Bibi, radi haina habari na kioo,” nilikwambia siku moja.

“Haya. Nenda kaisome hiyo radi, ukiimaliza uje unifundishe. Kwa sasa kaa chini, mke mvivu wewe, na usiguse ukuta.”

Nilikaa chini. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilijifunza kwamba kuhusu kioo nilikuwa sahihi mimi, na kuhusu ukuta ulikuwa sahihi wewe. Nikacheka peke yangu darasani mpaka mhadhiri akauliza kuna nini. Ningemwambia nini? Kwamba nimeshindwa ugomvi na mke mwenzangu?

Na betri za redio, je? Zikiisha ulizianika juu ya bati pamoja na michembe ya viazi, na jioni redio ilipata sauti tena, angalau kwa muda wa taarifa ya habari. Uliniambia betri haifi, inachoka tu. Siku hizi nawaambia wanafunzi wangu maneno yanayokaribiana na hayo, ila mimi nawaambia kwa kuwatisha.

Maana hiyo radi nilikwenda kuisoma kweli, Bibi. Sijaimaliza. Ninafundisha umeme katika kampasi mpya ya chuo hapa Bariadi, na nimepewa kazi ya kujenga maabara ya virushio vya sumaku-umeme. Usikunje uso, nitakueleza. Chukua reli fupi, izungushie nyaya za shaba, weka kitoroli juu yake. Umeme mwingi ukipita kwenye nyaya kwa ghafla, nyaya zinageuka sumaku, na sumaku inakivuta kitoroli kwa nguvu mpaka mwisho wa reli. Kitoroli kinazuiwa pale, na kilichokaa juu yake kinaendelea na safari.

Najua swali lako linalofuata. Ulikuwa nalo kwa kila kitu, hata kwa ndoa za watu: ili iweje?

Ili Bukundi ifikike. Unajua ile barabara inavyokuwa mvua zikikolea, gari linaingia na halitoki. Mtu ameumwa na nyoka huko, dawa iko mjini, na katikati kuna tope. Ndege ndogo zisizo na rubani zipo, lakini zikibebeshwa mzigo wa maana zinatumia nguvu nyingi kuondoka ardhini, na kiwanja cha kukimbilia hakuna. Sisi tunataka kuzisukuma pale mwanzoni. Tukiweza, kitu hicho kitakaa nyuma ya zahanati yoyote, mahali pa zizi la ndama. Hatujafika huko, wala sitaki kukudanganya kwamba ni kesho. Lakini safari ya kwenda huko inaanzia Simiyu, na hilo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika.

Chuo kilinipa ghala la zamani la pamba. Unaijua pamba, Bibi, haitoki. Ilikuwa imening'inia kwenye kenchi, imejaa kwenye nyufa, imelala juu ya kila ubao kama vumbi lenye manyoya. Cheche moja ingetosha. Kabla hatujaingiza hata waya mmoja, tulifagia. Wanafunzi walifunga mifagio kwenye miti mirefu wakafagia dari, wakashuka wamekuwa wazee wenye mvi. Tukasugua kuta, tukafagia tena, na bado kila upepo ulipovuma tulipata kapamba kengine tulikokasahau.

Halafu tukahitaji kitu cha kudaka mzigo unaorushwa. Mkuu wa idara yetu, Profesa Luhende, akapendekeza marobota ya pamba, maana sisi watu wa Simiyu kila swali tunalijibu kwa pamba. Wote tuliona ni wazo zuri sana. Marobota yakaletwa, yakapangwa. Mtu wa zimamoto alipokuja kukagua, akayatazama yale marobota, akatazama mitambo ya umeme, akatuuliza kwa upole kama tulikuwa tunamchukia. Tukayatoa, tukajaza masanduku kwa mchanga wa mto.

Kinachotisha zaidi mle ndani ni vitu vinavyoitwa kapasita. Ni makopo makubwa yanayokusanya umeme polepole na kuuachia wote kwa mpigo mmoja. Ukizima swichi, kopo linakaa kimya, halina taa wala mlio, na umeme bado umelala humo ndani, unatosha kumuua mtu. Kwa hiyo tulianza na usalama kabla ya utafiti. Kapasita tulizizungushia uzio wa waya, na mlango wa uzio ukifunguliwa umeme unajikata wenyewe. Ufunguo wa mtambo ni mmoja, anaushika mtu mmoja, na akiugeuza kuzima, umeme wa makopo unamwagwa ardhini. Kuna fimbo ndefu yenye ndoano ya shaba, hakuna anayesogelea kopo kabla fimbo hiyo haijaligusa na kuumwaga umeme wowote uliobaki. Kuna taa nyekundu. Kuna mstari wa njano sakafuni, ambao hakuna wa kuuvuka taa ikiwa imewaka. Na sheria ya mwisho, ambayo niliinakili kutoka maabara za wenzetu wa mbali na nikajivunia sana: yeyote anayeona hatari, hata awe mdogo kiasi gani, apige kelele “Simama!” na mwenye ufunguo azime bila kuuliza.

Ilikuwa sheria nzuri. Kasoro yake ni kwamba waliotakiwa kuitumia walikuwa wamelelewa na watu kama wewe.

Nina mwanafunzi anaitwa Limi, wa mwaka wa mwisho, binti wa mfugaji wa huko huko Bukundi. Utafiti wake wa kumaliza chuo ndio hiki kirushio, na nadhani katika wote yeye ndiye anayekihitaji kwa moyo, maana barabara ile ni ya kwao. Ni binti wa adabu. Akikusalimia anashuka mpaka goti linagusa sakafu, hata akiwa amebeba vyombo.

Siku ya jaribio letu la kwanza Limi alisimama pembeni ya mstari, kazi yake kuangalia watu. Mimi nilikuwa na ufunguo, kwenye meza ya kuendeshea, nyuma ya kinga, mahali ambapo sikuweza kuona mwisho wa reli. Taa ikawaka. Kapasita zikaanza kujaa. Ndipo Profesa Luhende akaingia kwa mlango wa nyuma, ambao wakati ule hatukuwa tumeuwekea komeo. Alikuwa na simu mkononi. Akavuka mstari, akaenda kusimama mwisho kabisa wa reli, pale pale mzigo unapotokea, ili apate picha nzuri.

Limi alimwona. Kati yao hapakuwa hata na umbali wa kurushiana kiatu. Na akafanya kile ambacho mama yake alimfundisha: akapiga goti.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba, binti. Hamjambo?” akajibu Profesa, na akaendelea kutafuta pembe nzuri ya picha.

Kilichomwokoa ni hiyo marahaba. Mle ndani tulikuwa mimi na wanafunzi tu, hapakuwa na mtu wa kuitikia kwa sauti nzito kama ile. Niligeuza ufunguo, nikaumwaga umeme, halafu nikakaa sakafuni. Profesa alikuja kuniuliza kama nimekula.

Limi alikuwa analia. “Madam, ningemwambiaje?” akaniuliza. “Ni mtu mzima yule.”

Nami je, Bibi? Katika maisha yangu yote sijawahi kumwamrisha mtu wa rika la baba yangu. Baba mwenyewe ninapoongea naye naangalia vifungo vya shati lake.

Siku ile ile nikapeleka taarifa kwenye kamati ya usalama ya chuo. Kamati ikasimamisha kazi zote, na mwenyekiti wake akaja mwenyewe kuangalia. Anaitwa Dakta Mwanaidi, mama mtu mzima, wa maneno machache. Alizunguka ghala zima, akagusa uzio, akasoma maandishi yote ukutani, akaomba kuoneshwa ile fimbo. Mwisho akasema:

“Vifaa vyako ni vizuri. Watu wako wana adabu mno. Nitarudi, na nikikuta bado hawawezi kumzuia mkubwa wao, vifaa vitahamia kampasi nyingine. Mimi sitaki kuja huku kwa msiba.”

Alikuwa na haki, na ndiyo maana iliuma. Vifaa vikihama, Limi na wenzake wangebaki na utafiti uliokatika katikati, na kirushio kingekwenda kukaa mahali ambapo Bukundi ni jina tu kwenye ramani. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikapika ugali na nikausahau jikoni.

Tukaanza kufanya mazoezi. Mitambo imezimwa, mimi najifanya mzee mgeni, navuka mstari, wao wanizuie. Laiti ungewaona! Mmoja alisema, “Simama, samahani, madam, kama hutojali.” Mwingine alinyoosha mkono juu, akasubiri nimpe ruhusa ya kupiga kelele. Limi alifungua mdomo, akaufunga, akapiga goti. Niliwakaripia, nikazidisha ubaya, kwa sababu mtoto wa kwetu akikaripiwa na mwalimu anazidi kupiga magoti.

Yupo mwingine anaitwa Zuhura. Baba yake ni Mzaramo, ana duka la vitenge hapa mjini, na binti amekulia hapa hapa Bariadi ila mdomo wake umebaki wa kwao. Siku hiyo alikuwa amekaa juu ya sanduku la mchanga akitucheka waziwazi.

“Madam, hawa Wasukuma wako wana aibu kinoma,” akasema. “Mimi Mzaramo bwana, nyie wote watani zangu. Siku ile Profesa angenikuta mimi pale mstarini, ningemchana laivu, na asingenifanya kitu.”

Wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hapo hapo wewe uliingia kichwani mwangu, umekaa mkekani, siku ya msiba wa mume wetu.

Unamkumbuka mzee Pazi, yule Mzaramo fundi cherehani wa Maswa mjini? Alifika msibani akiwa amekwisha kulivaa koti la babu, sijui alilitoa wapi, na kofia yake, akatembea uani kwa kuchechemea vile vile kama marehemu, akiwauliza waombolezaji nani amekufa mbona yeye hajaambiwa. Alimwambia katekista afupishe mahubiri kwani marehemu alikuwa na desturi ya kusinzia. Hakuna aliyekasirika. Na kaburini je? Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelegea. Baba alisimama ukingoni kabisa, udongo ukimomonyoka chini ya viatu vyake, na wadogo zake wakamtazama tu, kwa sababu ni kaka yao mkubwa, tena mfiwa mkuu. Nani angemgusa? Pazi alimkamata ukosi wa shati.

“Toka hapo, mpumbavu wewe! Tumechimba moja, la pili nani kakuahidi?”

Baba akarudi nyuma. Akacheka, na baada ya kucheka ndipo akaweza kulia, mara ya kwanza tangu babu afariki. Wewe uliniinamia sikioni ukaniambia, “Mtani hakuogopi. Nenda umkamatie jogoo, ndiyo haki yake.”

Basi nikawaeleza wanafunzi habari hizo zote, hata koti. Wote walizijua, kila mmoja ana msiba wake wenye mzee Pazi wake. Tukakubaliana. Tuna kelele ya kuzuia mkubwa, tunayo tangu zamani, ila huwa tunaitumia msibani, mtu akiwa amekwisha kufa. Kwa nini tusiitumie mapema kidogo?

Nilikwenda sokoni kwa fundi, akanishonea aproni ya rangi ya chungwa inayoonekana kutoka upande wa pili wa ghala. Sheria ikawa hii: kila siku ya kazi mmoja anaivaa, na tangu anapoivaa mpaka anapoivua yeye ni mtani wa kila mtu, awe mwanafunzi, profesa au mgeni wa serikali. Anamfokea amtakaye, na maneno yake hayamfuati nje. Hatuwezi kumtegemea Zuhura peke yake, naye siku nyingine anaumwa malaria kama watu wengine. Zuhura akachukua rangi akaandika kwenye mlango, kwa herufi kubwa: SHIKAMOO ZINAISHIA MLANGONI. Ukishaingia ndani hakuna salamu, hakuna goti. Utasalimia ukitoka.

Na kila mmoja, kabla hajaruhusiwa kuivaa aproni, ilibidi anitukane mimi kwanza. Hilo ndilo lilikuwa somo, na nililifundisha kwa bidii kuliko hesabu za sumaku.

“Madam, wewe... wewe unatembea vibaya,” Limi akajitahidi.

“Ongeza.”

“Unatembea kama ng'ombe aliyevimbiwa.”

“Aliyevimbiwa halafu?”

“Halafu anayejiona!” Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikampigia makofi. Na sauti ilikuwepo, Bibi, muda wote ilikuwemo ndani yake. Mtoto anayeweza kusimamisha kundi la ng'ombe porini hakosi sauti, anakosa ruhusa.

Profesa Luhende mwanzoni alinuna. Alisema yeye hakusoma miaka yote ile ili aje avunjiwe heshima na watoto. Nikamwomba aje aone mara moja tu. Akaja. Akasimama karibu sana na mstari, kwa makusudi nadhani, na Zuhura akiwa ndani ya aproni akamwambia, “Wee mzee wa Kisukuma, hilo tumbo limeshavuka mstari, bado wewe!” Profesa alilitazama tumbo lake. Kisha akaanza kutikisika, akacheka mpaka ikabidi avue miwani aifute. Alipoondoka alimwambia Zuhura mlangoni kwamba Wazaramo hawajabadilika tangu wakati wa babu yake, na kesho yake akatuletea komeo la ule mlango wa nyuma.

Kisha Dakta Mwanaidi akarudi na kamati yake nzima.

Sikula asubuhi hiyo. Tulipanga kurusha kandege kadogo kasiko na mzigo, kwa nguvu kamili, mlango mkubwa wa ghala ukiwa wazi kuelekea shamba lililokwisha kuvunwa, na kamba na walinzi kuzunguka ili mtu asipite. Zuhura alikuwa na ufunguo. Limi alikuwa na aproni. Mimi nilisimama kando ya Dakta Mwanaidi kumweleza kinachoendelea, na nilieleza kwa haraka mno. Taa nyekundu ikawaka. Kapasita zikaanza kujaa.

Kalamu ya Dakta ikaanguka. Mpaka leo sijui kama ilimponyoka au aliiachia. Ikabiringika ikavuka mstari, ikasimama karibu na uzio.

Mwili wangu ukaenda wenyewe. Umenilea wewe: mkubwa hainami mdogo akiwepo. Sikufikiri lolote, mimi niliyeuchora mstari ule kwa mikono yangu. Mguu mmoja ulikwisha vuka, mkono umenyooshwa, nimeinama mbele ya kamati nzima, ndipo nikasikia:

“Wee mwanamke wa Ipililo! Rudi hapa na hayo makalio yako kabla sijakuswaga kwa fimbo! Unataka kufa, ubwabwa wa msiba tunaupikia wapi?”

Zuhura akageuza ufunguo. Umeme ukamwagika ardhini. Taa ikazimika.

Nilirudi nyuma ya mstari. Limi alikuwa amesimama pale na aproni yake, mikono kiunoni, na magoti hayakukunjwa. Nimepata kusifiwa katika maisha yangu, nimevaa joho, nimepigiwa vigelegele. Sijawahi kusikia maneno matamu kama yale.

Dakta Mwanaidi alimgeukia Limi. Akasema, “Kalamu iacheni hapo hapo. Anzeni upya.”

Tukaanza upya, hatua kwa hatua. Kirushio kikapiga mlio mmoja mkavu, kitoroli kikafika mwisho wa reli, na kandege kakatoka mlangoni kakapanda juu ya mabua ya pamba. Kakayumba, kakajiweka sawa, kakaenda. Profesa Luhende alipiga picha kutoka mahali panaporuhusiwa.

Tumepewa kibali, Bibi. Vifaa vinabaki Bariadi. Limi atamaliza utafiti wake, na chuo kimekubali abaki nasi kama msaidizi akishahitimu. Mvua zijazo tutajaribu kwa mzigo mdogo, na nyingine mzigo mkubwa zaidi, na ipo siku mtu wa Bukundi ataangalia juu na kuona dawa inakuja bila kuuliza barabara ikoje. Naiona siku hiyo. Zamani niliisema kwa sababu ilinibidi niandike kitu kwenye maombi ya fedha za utafiti. Sasa naisema kwa sababu naiamini, na ninapoamka asubuhi nina haraka ya kwenda kazini, jambo ambalo wewe uliyenitoa kitandani kwa maji ya mtungi usingelisadiki.

Lakini kuna jambo moja nimelibakiza, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Baada ya kila mrusho, kabla mtu yeyote hajasogea, mtani anatuhesabu. Ananyoosha kidole, anampitia kila mmoja, na hakuna anayeondoka alipo mpaka aseme. Siku ile, kandege kakiwa bado kanalia huko nje na kila mtu akitamani kukimbia kwenda kukaona, Limi alituzuia. Akaanza na Dakta Mwanaidi, akaja kwa wanakamati, kwa Profesa, kwa wenzake, kwa Zuhura mwenye ufunguo, akanifikia mimi, akamalizia kwa kujigusa kifua.

“Wote tupo,” akasema.

Watu wakashangilia. Mimi ndipo nikalia, mbele yao wote, bila aibu. Katika ghala lile lote hapakuwa na aliyejua kwamba Limi amekosea hesabu, na kwamba anayekosekana ni wewe.

Pumzika, Bibi. Huku tunaangaliana.

Mjukuu wako,
Bariadi